Baba Krismasi Ametoka Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mzee mnene mwenye ndevu nyeupe huanza kuonekana kwenye milango ya maduka makubwa kuanzia Novemba, na maswali huanza naye. Haya ndiyo yanayojirudia zaidi.

Je, Baba Krismasi aliwahi kuishi?

Nusu yake aliishi. Ukimvua joho jekundu na ndevu za pamba utamkuta askofu wa karne ya 4, Nikolasi wa Mira, ambaye Wakristo wa mashariki na magharibi walimheshimu miaka mingi kabla ya mtu yeyote kumpandisha kwenye sleji, gari linaloteleza juu ya theluji. Nusu ya pili, yaani theluji, Ncha ya Kaskazini, karakana ya wanasesere na wanyama wanaoruka angani, ni nyongeza. Na sehemu kubwa ya nyongeza hizo ilifanyika katika mji mmoja, New York, ndani ya karne ya 19.

Mira ni wapi?

Ni pwani ya kusini ya Uturuki ya leo, katika mji unaoitwa Demre, mkoa wa Antalya. Msomaji wa Biblia ameshapita hapo bila kujua. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27, Paulo akipelekwa Roma kama mfungwa, anateremshwa Mira na kupandishwa meli ya Aleksandria iliyokuwa safarini kwenda Italia. Meli za namna hiyo zilibeba ngano ya Misri, na bandari ya Mira ilikuwa mojawapo ya vituo vyake.

Kwa hiyo mtu wetu ni mtu wa pwani. Alikulia kati ya mabaharia, makuli na maghala ya nafaka, na Demre ya sasa inajulikana kwa nyanya na machungwa. Mwenyeji wa Lamu au Bagamoyo angeuzoea mji ule upesi kuliko mwenyeji wa Finland.

Tunajua nini kwa uhakika kuhusu maisha yake?

Kidogo. Hakuacha barua wala mahubiri. Mapokeo yanasema alizaliwa Patara, bandari nyingine ya jirani, katika familia yenye mali, wazazi wakafa mapema, akawa askofu, akafungwa wakati wa mateso ya Kaisari Dioklesiano, akafariki tarehe 6 Desemba, karibu mwaka 343. Tarehe hiyo ndiyo sikukuu yake mpaka leo.

Jambo moja husahaulika: simulizi ya zamani kuliko zote kumhusu haina zawadi ndani yake. Inahusu haki. Watu watatu wasio na hatia wamehukumiwa kifo Mira kwa sababu gavana amekula rushwa. Nikolasi anafika mbio mahali pa kunyongea na kuushika upanga wa mnyongaji kwa mkono wake. Maofisa watatu wa jeshi wanalishuhudia tukio hilo. Baadaye nao wanasingiziwa uhaini huko Konstantinopoli, wanamkumbuka yule askofu na kuomba, na usiku huo Nikolasi anamtokea Kaisari Konstantino ndotoni na kumtaka awaachie huru. Ninaipenda kuliko ile ya soksi inayofuata hapa chini, na ninasikitika kwamba matangazo ya biashara hayakuwahi kuwa na haja nayo.

Tahadhari moja: baadhi ya miujiza anayopewa ni ya Nikolasi mwingine, abate wa monasteri ya Sayuni jirani na Mira, aliyefariki mwaka 564. Waandishi wa baadaye waliwachanganya wawili hao wakatoa mtakatifu mmoja mwenye sifa za watu wawili.

Sasa zawadi zilianzia wapi?

Kwa mabinti watatu. Baba mmoja aliyekuwa tajiri amefilisika. Ana mabinti watatu wa kuoza, lakini katika ulimwengu wa Kirumi mali ya ndoa ilitoka upande wa mwanamke: baba ndiye aliyempa binti kitu cha kwenda nacho kwa mume. Asiye na kitu haolewi. Baba huyu, kwa kukata tamaa, anafikiria kuwaingiza binti zake katika ukahaba ili familia ipate kula.

Nikolasi, ambaye bado ni kijana mwenye urithi mkononi, anasikia. Usiku anapita kimya kimya na kutupa mfuko wa dhahabu dirishani. Binti wa kwanza anaolewa. Anarudi usiku mwingine, wa pili anaolewa. Mara ya tatu baba amekesha akimvizia, anamkimbiza na kumkamata, anamwangukia miguuni. Nikolasi anamwapisha asimtaje kwa mtu yeyote maadamu yu hai.

Angalia kilichomo: usiku, siri, mtoaji asiyetaka kujulikana, kitu kinachoingia nyumbani bila kupitia mlangoni. Simulizi hii imeandikwa tayari katika maisha ya Nikolasi yaliyotungwa na mmonaki Mikaeli katika karne ya 9. Wasimuliaji wa baadaye walihamisha dirisha likawa dohani, na dhahabu ikaangukia kwenye soksi zilizoanikwa karibu na moto. Wachoraji nao waliigeuza mifuko mitatu kuwa mipira mitatu ya dhahabu, na kwa kuwa Nikolasi ni msimamizi wa wakopeshaji wa rehani, mipira hiyo hiyo hutajwa kuwa asili ya alama inayoning'inia juu ya maduka ya rehani ya Ulaya.

Na wale watoto watatu kwenye pipa?

Hiyo ni hadithi ya Ufaransa ya zama za kati, na si ya kumsimulia mtoto saa ya kulala. Mchinjaji anawaua watoto watatu waliopotea njia, anawakatakata na kuwatia chumvi ndani ya pipa kama nyama ya kuuza. Nikolasi anafika, anauliza kuhusu pipa, anawafufua. Inawezekana wasimuliaji waliona picha ya maofisa watatu waliochorwa wadogo miguuni pa mtakatifu, wakadhani ni watoto. Ufaransa ya mashariki na Ubelgiji bado wanauimba mkasa huu.

Ni kweli alimzaba kofi Ario, padri aliyehukumiwa kwa uzushi, kwenye Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu?

Picha za mzaha za intaneti zinasema hivyo kila mwaka. Mtaguso ulifanyika 325, na jina la Nikolasi limo katika baadhi ya orodha za maaskofu waliohudhuria na halimo katika nyingine. Kofi lenyewe halitajwi na mtu yeyote wa wakati ule. Linaibuka mamia ya miaka baadaye.

Amezikwa wapi?

Hapa pana kisa cha wizi mtakatifu. Nikolasi alizikwa Mira, na kaburi lake lilivutia mahujaji kutoka kila pembe ya Mediterania, hasa mabaharia, ambao walimwona msimamizi wao. Karne ya 11 Waturuki wa Seljuk wakaingia eneo hilo. Mwaka 1087 mabaharia wa Bari, kusini mwa Italia, wakatia nanga, wakavunja kaburi, wakachukua mifupa, wakaondoka kabla wenyeji hawajawazuia. Waliwahi kwa sababu Wavenisi nao walikuwa na mpango huo huo. Masalia yalifika Bari tarehe 9 Mei, na siku hiyo husherehekewa huko hadi sasa katika Basilika la San Nicola.

Wavenisi hawakukata tamaa. Wakati wa Vita vya Msalaba vya kwanza walifika Mira, wakakusanya vipande ambavyo Wabari waliviacha kwa haraka yao, wakavipeleka kisiwa cha Lido. Miji hiyo miwili ilibishana karne nyingi kuhusu nani ana mtakatifu halisi. Mtaalamu wa anatomia Luigi Martino aliichunguza mifupa ya Bari miaka ya 1950, na uchunguzi wa ile ya Venisi mwaka 1992 ukaonyesha kwamba inaikamilisha ya Bari: mifupa ya mtu mmoja, miji miwili.

Ndani ya kaburi la Bari hukusanyika majimaji ambayo waamini huyaita mana na kuyachukua katika chupa ndogo. Waorthodoksi wa Urusi husafiri hadi Bari kwa ajili yake, kwani kwao Nikolasi ni mkubwa kuliko alivyo kwa Wakatoliki. Hata karibu nasi, kanisa kuu la Waorthodoksi wa Uganda, lililoko Namungoona, Kampala, lina jina lake.

Kanisa Katoliki si lilimfuta katika orodha ya watakatifu?

Hapana. Kalenda ilipopangwa upya mwaka 1969, sikukuu yake ilifanywa kumbukumbu ya hiari. Bado ni mtakatifu.

Ilikuwaje askofu wa Uturuki akawa wa Waholanzi?

Kwa njia ya bahari. Mabaharia walimbeba bandari hadi bandari, na Amsterdam ikamfanya msimamizi wake. Mageuzi ya Kiprotestanti ya karne ya 16 yaliwapiga vita watakatifu. Kule Ujerumani Martin Luther na wafuasi wake walitaka zawadi zihamishiwe Krismasi na zitoke kwa Mtoto Kristo. Waholanzi, pamoja na Ukalvini wao wote, walishindwa kumwacha Nikolasi. Wakamwita Sinterklaas.

Sinterklaas wa leo bado ni askofu, si babu mchekeshaji. Ni mrefu, mwembamba, amevaa kofia ya kiaskofu na kushika fimbo. Katikati ya Novemba anawasili kwa meli kutoka Hispania (ndiyo, Hispania, na Waholanzi wenyewe hawajakubaliana kwa nini), anapanda farasi mweupe, na jioni ya Desemba 5 zawadi hutolewa pamoja na mashairi ya utani yanayomchambua mpokeaji bila huruma.

Kwa nini msaidizi wake hupakwa rangi nyeusi?

Swali hili Waafrika wanaoishi Uholanzi na Ubelgiji huliuliza wiki yao ya kwanza ya Desemba huko, na wana haki ya kupata jibu lisilozungukazunguka.

Mwaka 1850 mwalimu wa Amsterdam, Jan Schenkman, alitoa kitabu cha watoto ambamo mtakatifu anafuatana na mtumishi mweusi. Ndicho kilichomweka pia kwenye meli ya mvuke kutoka Hispania. Uholanzi ilikuwa bado inamiliki watumwa huko Suriname, koloni lake la Amerika Kusini. Utumwa ulifutwa rasmi 1863. Mtumishi huyo baadaye akajulikana kama Zwarte Piet, yaani Piet Mweusi, na kwa zaidi ya miaka 100 Wazungu walimwigiza kwa kujipaka masizi usoni, kuvaa wigi la nywele za kipilipili, hereni za dhahabu na midomo iliyopakwa rangi nyekundu.

Watetezi walisema weusi ule ni masizi ya dohani. Masizi hayampi mtu nywele za kipilipili wala hereni. Wazawa wa Suriname na visiwa vya Karibiani walilalamika kwa miongo. Mwaka 2011 waandamanaji waliokuwa wamevaa fulana zenye maneno ya kupinga walikamatwa Dordrecht, na mjadala ukawaka nchi nzima. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi iliitaka Uholanzi ibadilike. Tangu 2019 mapokezi ya kitaifa yanayorushwa na televisheni huwa na akina Piet wenye mistari michache tu ya masizi mashavuni, na mwaka 2020 waziri mkuu Mark Rutte alisema hadharani kwamba msimamo wake umebadilika. Miji midogo imeburuta miguu, lakini kizazi cha sasa cha watoto kinakua bila Piet wa zamani.

Nani alimleta Marekani?

Jibu la kawaida ni kwamba wahamiaji wa Kiholanzi walimbeba hadi New Amsterdam, mji ambao Waingereza waliuteka 1664 na kuuita New York. Huenda, lakini ushahidi ni mwembamba. Kinachoonekana wazi ni kwamba waungwana wachache wa New York walimfufua mwanzoni mwa karne ya 19 kwa sababu walitaka mji wao uwe na historia na mapokeo yake.

Desemba 6, 1809, Washington Irving alichapisha historia ya mzaha ya New York iliyojaa Mtakatifu Nikolasi, na katika toleo la 1812 akamrusha juu ya miti na kigari chake. Mwaka 1810 John Pintard wa Jumuiya ya Kihistoria ya New York aliandaa karamu ya mtakatifu huyo. Mwaka 1821 kijitabu kidogo cha watoto kilimpa sleji na mnyama mmoja wa kuivuta. Kisha tarehe 23 Desemba 1823 gazeti la Troy Sentinel likatoa shairi lisilo na jina la mtunzi, ambalo baadaye Clement Clarke Moore, msomi wa Biblia, alilikubali kuwa lake. Familia ya Henry Livingston, inayodai kwamba yeye ndiye aliyelitunga, haijakubali mpaka leo.

Shairi hilo ndilo lililofanya kazi kubwa. Lilisaidia kumwondoa Desemba 6 na kumweka mkesha wa Krismasi. Likamvua uaskofu wote. Likampa wanyama wanane wenye majina, tumbo linalotikisika akicheka, na njia ya dohani. Ila ndani yake ni kibete mdogo, na ndiyo maana anapenya.

Ni Coca-Cola waliomvika nyekundu?

Hapana, ingawa sitashangaa ukiambiwa hivyo tena mwaka huu.

Mchoraji Thomas Nast, mzaliwa wa Ujerumani, alianza kumchora katika jarida la Harper's Weekly mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akiwagawia zawadi wanajeshi wa Kaskazini huku amevaa nyota na mistari ya bendera. Ilikuwa propaganda, na ilifanya kazi. Miaka iliyofuata Nast alimkuza, akampa karakana, daftari la watoto wema na wabaya, na makazi kaskazini kabisa mwa dunia. Picha zake zilizotiwa rangi zilimwonyesha katika nyekundu. Kampuni ya vinywaji ya White Rock ilimtumia katika matangazo yake tangu 1915. Coca-Cola walikuja 1931, walipomwajiri Haddon Sundblom, naye akamchora kila msimu hadi 1964. Walichofanya ni kumgandisha: kabla yao unaweza kumkuta katika kijani, kahawia au buluu, mrefu au mfupi; baada yao, dunia nzima ina sura moja.

Na Rudolph, yule mnyama wa sleji mwenye pua nyekundu?

Huyo ni mtoto wa duka. Robert L. May alimbuni mwaka 1939 kwa ajili ya kijitabu ambacho maduka ya Montgomery Ward yaliwagawia wateja bure. Wimbo ulifuata 1949.

Father Christmas wa Waingereza ni huyo huyo?

Sasa ndiyo, zamani hapana. Yule wa Uingereza alikuwa sikukuu yenyewe iliyopewa umbo la mtu: mzee wa kula, kunywa na kucheza, ambaye Ben Jonson alimpandisha jukwaani mwaka 1616. Hakuwa na habari na watoto wala zawadi. Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, walipopiga marufuku Krismasi miaka ya 1640, waandishi wa vijitabu walimtumia kama mzee aliyefukuzwa nyumbani kwake. Mgeni wa Marekani alipovuka bahari katikati ya karne ya 19, wawili hao wakaunganishwa, na mzee wa karamu akajikuta anabeba gunia.

Nimesikia asili yake ni Odin, mungu wa Waskandinavia wa kale, au waganga wa Siberia waliokula uyoga.

Zote mbili zinavutia kwenye video fupi. Odin alikuwa na ndevu na farasi wa miguu minane, lakini hakuna mnyororo wa ushahidi unaomfikisha kwenye soksi za watoto wa New York. Ya uyoga ni dhaifu zaidi: tumeona jinsi sleji ilivyoingia, kwa tarehe na kwa kalamu za watu, na hakuna mganga wa Siberia aliyekuwepo.

Anaishi wapi hasa?

Inategemea unamuuliza nani. Wamarekani wanasema Ncha ya Kaskazini. Wafini wanasema mlima Korvatunturi, karibu na mpaka wa Urusi, wenye umbo la masikio ambayo husikia kila kinachosemwa na watoto. Mtangazaji wa redio Markus Rautio ndiye aliyeutangaza mwaka 1927. Kwao anaitwa Joulupukki, mbuzi wa Krismasi, kwa kuwa zamani watu waliovaa ngozi na pembe za mbuzi walizunguka nyumba hadi nyumba *wakidai* vitu. Kwa kuwa mlima wenyewe haufikiki kirahisi, alifunguliwa ofisi Rovaniemi, mji uliochomwa moto na Wajerumani 1944, na tangu 1985 kijiji chake huko ni biashara kubwa ya utalii.

Nchi nyingine huletewa zawadi na nani?

Italia ina Befana, bibi kizee anayepanda ufagio usiku wa kuamkia Januari 6. Inasemwa Mamajusi walimwalika waende pamoja Bethlehemu, akasema ana kazi za nyumbani, akajuta. Hispania huwangoja Mamajusi wenyewe usiku huo huo. Ugiriki ni Mtakatifu Basili, Januari 1. Iceland wana majambazi 13 wa utani, watoto wa zimwi Grýla, ambao hushuka milimani mmoja mmoja kwa usiku 13, kila mmoja na wizi wake: mmoja hulamba vijiko, mwingine hubamiza milango. Mwaka 1746 ilibidi itolewe amri kukataza wazazi kuwatisha watoto kwa mazimwi hayo.

Urusi ina Ded Moroz, Babu Baridi, na mjukuu wake Snegurochka. Wabolsheviki, yaani wakomunisti walioshika dola, walimpiga marufuku pamoja na Krismasi. Desemba 1935 kiongozi wa chama Pavel Postyshev aliandika katika gazeti la Pravda akitaka watoto warudishiwe mti wa sherehe, safari hii kwa Mwaka Mpya, na babu akarudi bila dini. Postyshev mwenyewe aliuawa na dola hiyo hiyo mwaka 1939.

Austria na Bavaria, Nikolasi hufuatana na Krampus, jitu lenye pembe na minyororo. Ukiwa huko jioni ya Desemba 5, kelele za barabarani si ghasia.

Alifikaje Afrika Mashariki?

Kwa mlango wa wakoloni, shule za misheni na kadi za posta: Father Christmas wa Waingereza Kenya, Uganda na Tanganyika, na Papa Noël wa Wabelgiji Kongo, Rwanda na Burundi. Lakini hakuwahi kuishika sikukuu yetu. Krismasi ya huku ni nguo mpya, misa ya mkesha, pilau, na msongamano wa mabasi ya kwenda nyumbani. Muulize Mchaga yeyote kuhusu barabara ya Moshi wiki ya tatu ya Desemba. Zawadi hutoka kwa mjomba aliyerudi kutoka mjini, na watoto wanamjua kwa jina. Baba Krismasi amebaki dukani, akitoka jasho ndani ya manyoya ya bandia. Theluji pekee ambayo wengi wetu tunaiona msimu huo ni ile ya Kibo, kwa mbali.

Mtoto akimwandikia barua, inafika?

Canada, ndiyo. Posta yao ina msimbo maalumu, H0H 0H0, unaosomeka kama kicheko chake, na watu wa kujitolea hujibu. Finland nao wana posta yake Rovaniemi.

Tunalea watoto Ulaya. Viatu vinawekwa lini?

Ujerumani, buti lililosafishwa huwekwa mlangoni jioni ya Desemba 5 na kutazamwa asubuhi ya tarehe 6. Buti chafu haliwekewi kitu, ndivyo wanavyowaambia watoto. Ubelgiji pia wanangoja asubuhi ya tarehe 6, wakati Uholanzi sherehe kubwa ni jioni ya tarehe 5, ingawa watoto huanza kuweka viatu usiku mmoja mmoja tangu meli ilipofika Novemba. Weka kiatu kimoja, si jozi, na ndani yake karoti ya farasi. Asubuhi utarajie chokoleti yenye umbo la herufi ya kwanza ya jina la mtoto.